Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Watoto Kilicho Nyuma ya Mabati

(Kiwanja cha mtaa kimezungushiwa uzio wa mabati mapya, na jukwaa limesimama mbele ya uzio huo. Watoto wamekaa chini, juani, tangu asubuhi. Wakubwa wako kwenye viti vya kukodi, chini ya turubai. Mkurugenzi anasimama, anakigonga kipaza sauti kwa kidole, anakikoholea, anaridhika, anaanza.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Uratibu wa Muda wa Ziada wa Watoto, ambaye hayupo kwa sababu dakika hii ananizindulia machinjio ya kisasa upande wa pili wa mji. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuiandaa Kamati ya Maandalizi. Ndugu wahisani mliotuma udhuru, na ndugu wahisani ambao hata udhuru hamkutuma lakini nyoyo zenu tunazo. Walimu, ambao leo ni siku yenu ya mapumziko na mmeitikia kwa hiari barua iliyosema asiyeitikia atajieleza. Wazee wa mtaa, kina mama, kina baba, fundi cherehani aliyetuazima meza, kinyozi aliyetupitishia umeme wa kipaza sauti dirishani kwake. Vyombo vya habari, yaani yule pale mwenye simu. Na mwisho kabisa, kwa sababu umuhimu nao una utaratibu wake, watoto. Itifaki imezingatiwa. Kama yupo mheshimiwa ambaye sikumtaja, ajihesabu ametajwa, na kama yupo niliyemwita mheshimiwa wakati si mheshimiwa, abaki nao uheshimiwa huo kwa leo.

(Makofi ya wastani. Mtoto mmoja anauliza kama imekwisha. Anaambiwa hiyo ilikuwa salamu.)

Ndugu wananchi, sina maneno ya kueleza furaha yangu, kwa hiyo nitatumia kurasa hizi kumi na tisa. Furaha ya kwanza ni ule wimbo mliousikia wa kunikaribisha, wimbo wa beti kumi na nne, ambamo cheo changu kamili kimo katika kila ubeti ingawa mimi sikuagiza, nilishauri tu kwa maandishi. Mwalimu mkuu ameninong'oneza kwamba watoto hawa wameufanyia mazoezi kila siku baada ya masomo, na Jumamosi, na Jumapili jioni, muhula mzima. Nikamwambia, mwalimu, haya sasa ndiyo matokeo chanya! Idara yangu iliundwa kupambana na tatizo la mtoto kuwa na muda wa ziada, na hata kabla hatujazindua chochote, muda wenyewe tumeshaumaliza.

(Walimu wanapiga makofi. Watoto hawapigi. Makofi nayo yalikuwamo kwenye mazoezi na viganja vimewachoka.)

Sasa twende kwenye utafiti, maana idara hii haikurupuki. Tulifanya utafiti wa kina, shirikishi, wenye mrengo wa kisayansi na fidibaki ya wadau, kwa njia ya wataalamu watatu kukaa ndani ya gari la idara, vioo vimepandishwa, wakiwatazama watoto wa mtaa huu wanaporudi kutoka shule. Matokeo yalitutoa machozi. Asilimia tisini na saba ya watoto, mara tu wakishavua sare, wanacheza. Asilimia tatu iliyobaki ilikuwa na homa, na tulipoifuatilia wiki iliyofuata nayo tukaikuta inacheza. Wanacheza nini? Hapo ndipo ripoti inapouma. Wanakimbia bila kufukuzwa. Wanajificha bila kudaiwa. Wanachimba shimo bila kutafuta kitu, halafu wanalifukia bila kuambiwa na mtu. Wanarusha tiara ambayo haina ujumbe wowote wa maendeleo. Wamefunga tairi bovu kwa kamba kwenye ule mti mkubwa wa katikati ya kiwanja, wanakaa ndani ya tairi hilo, wanakwenda mbele, wanarudi nyuma, na ukipiga hesabu ya safari yote unakuta hawakwenda popote. Upo pia mchezo mmoja ambao mtoto anazunguka palepale hadi anaanguka, anacheka, anainuka, anazunguka tena. Mtaalamu wetu wa tathmini aliutafutia mchezo huo lengo mahsusi kwa wiki nzima, akalikosa, akaomba likizo.

(Kicheko kirefu. Mkurugenzi anangoja kiishe, hakukipanga.)

Msicheke, ndugu zangu, hili ni janga. Tulimsimamisha mtoto mmoja tukamhoji kitaalamu. Unafanya nini hapa? Nacheza. Kwa lengo gani? Akafikiri sana, akasema, la kucheza. Msimamizi wako ni nani? Akanyoosha kidole kwenye dirisha la nyumba ya kona. Tulipolifuatilia dirisha hilo tukamkuta bibi mmoja, yupo leo hapa mstari wa mbele, karibu sana mama yetu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisimamia michezo ya mtaa mzima kwa kutumia sentensi moja, nayo ni "Nakuona wewe." Hana cheti, hana fulana ya idara, hana filimbi, hajahudhuria hata warsha ya nusu siku. Mtoto akipanda mti kupita kiasi anaambiwa nakuona wewe, anashuka. Wakubwa wakimnyima mdogo zamu yake kwenye tairi wanaambiwa nakuona wewe, wanampisha. Mimi nauliza, je, katika zama hizi za dijitali, tunaweza kuendesha makuzi ya taifa kwa dirisha? Hapana. Kwa hiyo, bibi, idara inakushukuru kwa mchango wako, na kuanzia leo inakupumzisha.

(Bibi wa nyumba ya kona anajibu bila kuinuka: "Mimi sijachoka, mwanangu." Makofi mengi. Mkurugenzi anainama, akidhani ni yake.)

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa, maana upo mchezo mmoja uliotutia moyo. Mtoto mmoja alijaza begi la shule ndani ya shati lake, hapa tumboni, akapanda juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, akawa anafungua mdomo na kuufunga huku ananyoosha kidole angani, na wenzake wakampigia makofi kila alipokohoa. Kisha akaja mwingine, akamfungulia mlango usiokuwepo wa gari lisilokuwepo, wakaondoka pamoja kwenda kuzindua daraja lisilokuwepo. Nilipowauliza yule aliyesimama kwenye ndoo ni nani, waliangalia chini wakacheka kwa adabu. Nikajiambia, hapa pana vipaji vya uongozi ambavyo vinahitaji tu kulelewa, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

(Kinyozi anaziba mdomo kwa taulo lake la kazi.)

Ndipo, baada ya kuyaona hayo yote, tukachukua ile hatua ya kwanza ya mradi wowote wenye maindiseti ya kisasa, yaani kuweka uzio. Tumemlinda mtoto dhidi ya kiwanja, na kiwanja tumekilinda dhidi ya mtoto. Takwimu zinajieleza zenyewe. Kabla ya mabati haya, kwa wastani, watoto kumi na mmoja walichubuka magoti ndani ya kiwanja hiki kila mwezi. Tangu tulipofunga, mwanzo wa muhula, waliochubuka humo ndani ni sifuri. Naomba muipigie makofi hiyo sifuri.

(Hakuna anayepiga. Fundi cherehani, ambaye mlango wake unatazama barabara, anasema sasa hivi wanachezea barabarani, na juzi pikipiki imemkosakosa mwanawe, ikagonga kiti alichokuwa amekalia mteja.)

Nimekusikia, fundi, na pole sana, na pole kwa mteja, lakini barabara iko chini ya idara nyingine.

(Minong'ono kwa kina mama. Msichana mmoja ananyoosha mkono na haushushi. Mtaani wanamwita Kipa. Mkurugenzi anampuuza kwa ukurasa mzima unaohusu ushirikiano wa kisekta, kisha anashindwa.)

Haya, binti, uliza, lakini kwa ufupi, muda ni mali.

(Kipa anasimama. Anaeleza kwamba mjomba wake alimletea mpira wa ngozi, mpira halisi, wa kwanza mtaa huu kuwa nao, kwa kuwa zamani walikuwa wanapiga wa matambara. Siku wanaume walipokuja na mabati, mpira ulikuwa ndani. Aliuomba wakamwambia kesho. Amekuja kila kesho. "Sisi kituo hatukuomba," anasema. "Tunaomba mpira, na mahali pa kuuchezea.")

Swali zuri sana, kaa chini. Ndugu wananchi, binti huyu ameniwahi, maana nilikuwa nakaribia kipengele cha vifaa. Nina furaha kutangaza kwamba vifaa vya michezo vya kituo hiki vimeongezeka kutoka sifuri hadi kimoja, ongezeko ambalo kompyuta ya idara ilijaribu kulitolea asilimia ikazimika. Kifaa hicho ni mpira wa ngozi, uliopatikana ndani ya eneo la mradi, na tayari umeshapigwa mhuri wa idara. Wala haukukaa bure. Mlinzi wetu ameutumia kila jioni, peke yake, akiupiga kwenye mabati, kwa hiyo naweza kusema kwa kujiamini kwamba miongoni mwa wote walioruhusiwa kuingia ndani ya uzio, asilimia mia moja wanacheza.

(Bibi anasema ni kweli, humwona kutoka dirishani, na penalti hajui kupiga.)

Sasa wapo wanaoniuliza, Mkurugenzi, mtoto atanufaikaje? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tumeandaa ratiba ya kumkunja. Mchezo hautakuwa tena jambo la kushtukiza. Mtoto atajiandikisha siku saba kabla ya kujisikia kucheza. Kuruka kamba kutakuwa na awamu mbili, Jumatatu kuruka, Jumanne kutua. Kwa sababu za kiusalama, mtoto anayetaka kujificha ataijulisha ofisi mapema ni wapi atajificha, na ofisi itamjulisha anayemtafuta. Kicheko kitaruhusiwa, tena kitahimizwa, katika eneo litakalotengwa, mbali na wanaopumzika. Lile tairi lisilosajiliwa litaondolewa, na mahali pake itasimama bembea moja ya viwango vya kimataifa, yenye mkanda, kofia ngumu na utaratibu wa zamu, ambapo kwa makadirio yetu mtoto anayezaliwa leo atabembea kabla hajapata mchumba. Wote watavaa fulana zenye picha yangu, kwa mbele nikitabasamu na kwa nyuma nikiondoka. Na kila baada ya mchezo, mtoto atakaa chini aeleze alichojifunza, changamoto alizokutana nazo, na mapendekezo yake kuhusu namna bora zaidi ya kucheza huko mbele tuendako.

(Watoto wametulia kama darasa la mtihani. Mdogo wao mmoja anaanza kulia. Mwalimu anamwambia anyamaze, hii ni hotuba tu.)

Mwacheni, ni machozi ya furaha.

(Sauti ya nyundo nyuma ya uzio. Bati linagongwa, kisha jingine.)

Mnasikia? Mnasikia wenyewe! Mimi naongea huku, kazi inaendelea kule. Wapo viongozi wanaokuja na ahadi za ujenzi, mimi nimekuja na sauti zake. Gongeni, vijana, gongeni, taifa linawasikia!

(Nyundo zinaongeza kasi. Walimu wanasimama kushangilia, kisha wanakaa kwa zamu.)

Najua wapo watakaosema, huyu Mkurugenzi anajua nini kuhusu watoto? Ndugu zangu, mimi mwenyewe nimewahi kuwa mtoto, tena kwa mafanikio makubwa, miaka yote iliyotakiwa, bila kurudia hata mmoja. Na zaidi ya hapo, kwa ajili yenu nimesafiri ng'ambo mara saba kujifunza bembea. Nimelala hoteli kwa niaba yenu. Nimekula kwa niaba yenu hadi daktari akanionya, nikamwambia, daktari, si mimi, ni wananchi. Na katika safari ya sita, wenyeji wetu walitutembeza kwenye bustani moja, wakatangulia kuingia kwenye kikao, mimi nikabaki nyuma kukagua bembea, na katika kuikagua nikajikuta nimeikalia. Nikajisukuma kidogo, kitaalamu tu. Tai ikawa inapanda hadi puani, inashuka. Sikumbuki nilikaa kwa muda gani. Nakumbuka nilikuwa nacheka, peke yangu, na kikao sikukikumbuka mpaka waliponitumia mtu. Niliona haya sana. Nilimwambia nilikuwa napima mnyororo.

(Mkurugenzi anazitazama karatasi zake. Inaelekea sehemu hiyo haikuandikwa. Bibi anamtazama kwa makini kwa mara ya kwanza.)

Naam. Mnyororo ulikuwa imara. Turudi kwenye utekelezaji. Kamati inanionyesha saa, na mimi ni mtu wa vitendo, kwa hiyo ukurasa wa kumi na tatu hadi wa kumi na nane mtausikia siku nyingine, na sasa nitavuta kamba hii, pazia lifunguke, jiwe la msingi lionekane, mwalimu mkuu alisome kwa sauti ili lisikike hadi vizazi vijavyo. Moja, mbili, tatu.

(Anavuta. Pazia linaanguka. Mwalimu mkuu anasoma, kwa sauti ya gwaride, kwamba hili ni jiwe la msingi la machinjio ya kisasa, yenye uwezo wa kupokea mia mbili kwa siku, pamoja na sehemu ya kuchunia ngozi. Anasoma hadi mwisho kwa sababu hajaambiwa aache. Watoto wanasogea nyuma.)

Tulieni, tulieni. Hakuna mtoto atakayechinjwa, nawahakikishia kama kiongozi. Ni jambo dogo la kilojistiki. Idara yenu ina mawe mawili ya msingi, ya mbao nyepesi iliyopakwa rangi ya marumaru, na dereva huyazungusha kwenye gari ili kila mtaa uzinduliwe bila ubaguzi, nayo leo asubuhi yamepishana. Samahani, simu hii ni ya Naibu wangu. Halo. Naam. Ndiyo, la kwako liko huku. Umeshavuta? Wamesemaje? Ndugu wananchi, Naibu ananieleza kwamba ameshawazindulia wachinjaji kituo cha michezo ya watoto, nao wamekipokea kwa mikono miwili, na mmoja wao, mtu mzima mwenye kifua kipana, amenyoosha mkono akauliza bembea inabeba kilo ngapi.

(Kicheko kinakatizwa na kishindo. Bati la nyuma ya jukwaa limeanguka, na la pili, na la tatu. Wale wa nyundo hawakuwa wanajenga, walikuwa wanabandua. Kupitia pengo hilo kiwanja chote kinaonekana: nyasi zimefika magotini, nguzo za goli za miti zimesimama, tairi linaning'inia kwenye mti wake, mlinzi ameduwaa na mpira mguuni, na lori la mwenye mabati linapakiwa. Jengo hakuna. Hata tofali hakuna.)

Msitazame huko, hatujafika ukurasa huo.

(Wote wanatazama huko. Bibi wa nyumba ya kona anauliza, kwa sauti ileile ya dirishani: "Mwanangu, kituo kiko wapi?")

Hilo ni swali la msingi, mama, ni swali la kiungwana, na nitalijibu ndani ya shukrani, kama itifaki inavyotaka. Kwanza namshukuru sana mwenye mabati, ambaye alituazima kwa moyo mweupe hadi leo saa kumi, na kama mnavyomwona ni mtu wa kutunza muda. Namshukuru mwenye turubai, ambaye naye amesimama pale anatutazama. Namshukuru mhandisi wa mradi, ambaye hakuwahi kufika, maana angefika angeuliza mchoro. Namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye hakuwahi kuchora, maana angechora angeuliza vipimo vya eneo. Namshukuru mpimaji wa eneo kwa ule msimamo wake wa kutoteuliwa. Nawashukuru wahisani, ambao waliahidi kutoa mara tutakapoonyesha kituo, nasi tuliahidi kuonyesha kituo mara watakapotoa, na uhusiano wetu hadi leo ni mzuri. Utafiti tumeufanya, safari tumezikamilisha, uzio tumeuweka na tumeuondoa ndani ya muda, uzinduzi ndio huu, na ripoti ya mafanikio iliandikwa mwaka jana. Kilichokuwa kimebaki ni kituo tu. Kwa hiyo, mama, kwa lugha nyepesi, kituo hakipo, hakijawahi kuwepo, na kwa mujibu wa mpango kazi wa idara, hakitakuwepo.

(Makofi ya mtu mmoja, taratibu. Ni Bibi. Anafuata fundi cherehani, anafuata kinyozi, kina mama wanapiga vigelegele, viti vinasukumwa nyuma, watu wanakumbatiana. Ni makofi makubwa kuliko yote ya siku ya leo.)

Asanteni. Asanteni sana. Kusema kweli nimeguswa. Sijawahi kupigiwa makofi ya namna hii hata kwa mradi uliokamilika.

(Kipa amesimama tena. Safari hii hanyooshi mkono. "Kwa hiyo hata ile ratiba haipo?")

Haipo, binti.

("Na kuandika jina siku saba kabla?")

Hapana.

("Na fulana?")

Fulana zilikwama kwenye picha, sikupendeza. Hazipo.

("Na mpira?")

Mpira upo.

(Watoto wote wanainuka kwa pamoja. Jukwaa linapitwa kushoto na kulia, na wadogo zaidi wanapita chini yake. Mlinzi anajaribu kusema neno kuhusu mhuri wa idara, kisha anamtelezea Kipa mpira, kwa pasi nzuri ambayo hakuna aliyeitarajia kwake. Vumbi. Zile nyasi zimeanza kulala. Mtoto aliyekuwa analia ameshafika kwenye tairi. Wakubwa wanabeba viti vyao na kuvipeleka ukingoni mwa kiwanja.)

Ndugu wananchi, tusitawanyike kabla ya kaulimbiu! Kaulimbiu ni sehemu ya mradi! Nikisema Mtoto, mnajibu Aratibiwe. Nikisema Mchezo, mnajibu Usimamiwe. Mtoto!

(Kutoka kiwanjani: "Pasi! Pasi hapa!")

Mchezo!

("Goli!")

Muda wa ziada!

(Hakuna anayejibu. Bibi wa nyumba ya kona ameinuka, amekigeuza kiti chake kikatazama kiwanja, amekaa tena. Amempa Mkurugenzi mgongo, lakini kwa upole. Anasema, "Nakuona wewe, mpishe mdogo," na kule kwenye tairi mtu anampisha mdogo. Kinyozi amerudi kazini na kuchomoa waya, kwa hiyo kipaza sauti kimekufa, na yanayofuata yamesikiwa na waliokuwa karibu tu.)

Basi, kwa hayo machache, nawashukuru wote kwa kunisikiliza, na natangaza rasmi, ingawa naona mmeshanitangulia, kwamba kiwanja kimefunguliwa. Dereva, lile jiwe lipakie, kesho lina kazi. Hapana, ngoja kwanza, usiwashe gari. Mama, samahani, nilikuwa naomba kuuliza jambo moja, kwa niaba ya idara tu, maana wewe ndiye mwenye uzoefu wa eneo hili. Lile tairi pale kwenye mti. Linabeba kilo ngapi?

(Bibi anamwambia avue koti kwanza, na asubiri zamu. Mwandishi wa kumbukumbu hizi ameitwa na Kipa akasimame kwenye goli la pili, kwa kuwa wamepungua mmoja. Kumbukumbu zinaishia hapa.)